Chungu cha Bi Mize Kisicho na Kifuniko

Paukwa!
— Pakawa!
Chungu!
— Cha udongo!
Udongo!
— Wa bondeni!
Kifuniko!
— Hakuna!
Hakuna? Nani kakichukua?
— Sema wewe!

Haya, nasema mimi. Sogeeni, wenye kikohozi wakohoe sasa hivi, maana nikianza sitaki kukatizwa.

Hapo kale, kabla babu wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na nchi ikiitwa Mbwikani. Mfalme wake alikuwa Daulati. Akisema ketini, watu wanaketi. Akisema chekeni, watu wanacheka. Akisema lieni, watu wanalia, tena kwa machozi ya kweli, maana askari walikuwa wakipita kukagua mashavu.

Siku moja mfalme akafanya karamu. Wageni wamejaa, pilau imechelewa, wasifiaji hawajamaliza kumsifu, na jua linashuka. Mfalme akasimama mbele ya wageni wote akanyoosha kidole.

"Jua! Simama hapo hapo! Usizame mpaka nile!"

Jua lisimame? Linamjua yeye nani? Likashuka taratibu, likazama.

Sasa pale Mbwikani palikuwa na mtu jina lake Faki. Kazi yake ilikuwa ngoma ya machweo. Jua likizama anapiga, watu wanaingiza mbuzi, wanawake wanawasha taa, watoto wanarudi nyumbani. Faki akaangalia kule magharibi. Hakuna jua. Akapiga ngoma yake kama kila siku.

Ti! Ti! Ti!

Wageni wakacheka. Mmoja alipaliwa na nyama, wakampiga mgongoni huku wanacheka bado. Mfalme akageuka na macho mekundu.

"Faki, nani kakwambia jua limezama?"

"Macho yangu, Mtukufu Mfalme."

"Mfungeni na macho yake."

Faki akafungwa. Mfalme akaingia ndani, akakataa kula. Akasema, "Ulimwengu huu hauna adabu. Nataka mwingine."

Akaita wajuzi wa nchi, akawauliza: je, mwanadamu anaweza kutengeneza ulimwengu? Wa kwanza akasema haiwezekani kabisa. Wa pili akasema inawezekana kabisa. Wa tatu akasema inawezekana, ila si leo. Wote watatu wakapewa pilau, wakaenda zao. Wewe Shufaa unacheka, ungekuwa wewe ungekataa pilau?

Kesho yake akaja mke wa Faki. Huyo ndiye Bi Mize, mfinyanzi, mikono imekauka udongo mpaka viwiko. Alikuja kumwombea mumewe.

"Mtukufu, nirudishie mume wangu. Nyumba imekuwa kubwa, silali vizuri."

Mfalme akamtazama ile mikono. Akasema, "Wewe hufinyanga vyungu. Nifinyangie ulimwengu. Uwe unanitii. Ukinitii, mumeo anatoka. Usiponitii, atazeekea humo humo."

Bi Mize akatoka analia. Akapitia gerezani na bakuli la uji. Faki akamshika mkono kupitia dirishani.

"Mize, nimechoka. Nenda kamwambie nimekubali. Jua halikuzama. Nirudi nyumbani."

"Wewe ulilionaje?"

Faki akasema, "Lilizama."

"Basi kunywa uji," akasema Bi Mize, akafuta machozi, akashuka bondeni kuchimba udongo.

Akafinyanga chungu kikubwa, mdomo mpana kama ungo. Ndani yake akafinyanga milima, miti, nyumba, watu na mbuzi wao. Kila mtu na kope zake. Akakichoma, akampelekea mfalme.

Mfalme akainama. "Watu wangu! Simameni!"

Kimya.

"Chekeni!"

Kimya.

"Haya, basi nyamazeni!"

"Umeona, Mtukufu?" akasema Bi Mize. "Wanakutii."

Askari mmoja akauma midomo asicheke. Mfalme akasema, "Hawa ni wanasesere. Nataka wanaotembea. Rudi."

Bi Mize akarudi. Akatengeneza ulimwengu wa pili chunguni, wa vijiti na nyuzi. Ilikuwaje ukaweza kusogea, mimi sijui, alijua mwenyewe. Humo kila kitu kilifanya alichoamuru mfalme. Na asichoamuru hakikufanya kamwe.

Mfalme akafurahi! Akavuta kiti.

"Jogoo, wika!" Jogoo akawika, akaendelea kuwika. "Jogoo, nyamaza! Mto, tiririka! Majani, tikisikeni! Mwanamke, pepesa jicho! Wewe mtoto, pumua!"

Mtoto akapumua mara moja, akangoja.

"Pumua! Pumua tena! Mto, tiririka! Mbuzi, tafuna! Mtoto, pumua!"

Chakula cha mchana kikaletwa. Mfalme akatia tonge moja mdomoni. Moja tu, jamani. Alipoangalia chunguni, yule mtoto wa vijiti amelala chali, kimya, macho yamemtoka.

"Pumua!" mfalme akapiga kelele, wali ukamtoka mdomoni. "Pumua, mwanangu, pumua!"

Mtoto akavuta pumzi. Jasho lilimlowesha mfalme kanzu nzima.

"Bi Mize! Mwambie apumue mwenyewe!"

"Mwenyewe, Mtukufu? Akipumua mwenyewe, atafanya na mengine mwenyewe."

"Apumue tu!"

Bi Mize akakichukua kile chungu. Lakini Mfalme Daulati hakuwa mtu wa kujifunza kwa siku moja. Alipokausha jasho akamwita tena mlangoni.

"Wa tatu uwe unapumua wenyewe. Na unanitii. Na uwe na kifuniko, nikilala niufunge."

"Nitautengeneza, Mtukufu. Ila huu utakaa kimya muda mrefu kabla haujaanza. Usinikimbize. Na kifuniko sitaweka. Wakiinua macho wataona nini?"

Safari hii Bi Mize hakufinyanga mtu hata mmoja. Alichukua chungu kitupu, akatia tope la bondeni, maji ya mvua, mbegu alizookota njiani bila kuchagua, na kaa dogo la moto kutoka penye tanuru lake. Akapulizia pumzi mara moja. Akakiweka uani, akakaa kando na kazi zake nyingine, akawa anaimba. Wimbo huu mnaujua, itikieni:

Udongo lala, maji lala,
— Amka mwenyewe, sikuamshi!
Mbegu lala, moto lala,
— Amka mwenyewe, sikuamshi!

Askari akaja. "Tayari?" Bado. Tope limelala.

Askari akaja tena. "Tayari?" Bado. Ila tope limeota kitu cha kijani, na lile kaa la moto limeanza kuzunguka, linapanda upande huu, linazama upande ule, kwa haraka kuliko jua letu.

Masika yakaisha. Kila machweo, kule gerezani, Faki aligonga mlango kwa viganja. Ti, ti, ti. Mfalme akisikia anaziba masikio kwa mto. Bi Mize akisikia anajua mume wake yu hai, anaendelea kungoja.

Halafu asubuhi moja Bi Mize anafagia uani, akasikia harufu. Kitunguu kinakaangwa. Akaangalia jikoni kwake, hajawasha moto. Akaangalia kwa jirani, jirani amelala. Akainama juu ya chungu. Kule chini, kati ya majani, moshi mwembamba kama uzi unapanda. Kulikuwa na mtu humo anapika.

Bi Mize akakaa chini akalia kwa furaha, peke yake, na ufagio mkononi.

Askari akaja mara ya tatu. "Tayari?"

"Tayari. Kibebeni polepole, kuna watu."

Wakakifikisha mbele ya mfalme. Mfalme akainama. Lo! Mji mzima! Watu wadogo kama punje za ulezi. Wengine wanalima, wengine wanagombana sokoni, watoto wanakimbizana. Na uwanjani kuna mmoja kasimama na kitu cha mviringo kwapani, anaangalia lile kaa la moto, ambalo lilikuwa linashuka.

Mfalme akatabasamu. Siku yake imefika.

"Jua la chunguni! Simama! Usizame!"

Likazama. Na yule mtu mdogo akapiga ngoma yake. Kisauti kama cha mdudu ndani ya kiberiti: ti, ti, ti. Watu wadogo wakaanza kuingiza mbuzi.

Mfalme akapandwa na hasira. Akakunja mkono wa kanzu.

"Mtukufu," akasema Bi Mize, "hujapiga hodi."

"Nipige hodi kwenye chungu changu?"

"Kuna wenyewe ndani."

Hakusikia. Akaingiza kidole. Kikagonga paa la nyumba, paa likaruka. Kikabomoa ukuta. Visauti vidogo vikalia humo ndani, vya wakubwa na vya watoto.

Hapo hapo, mchana kweupe, uani kwa mfalme kukaingia kivuli.

Watu wakainua macho. Mbuzi wakakimbilia zizini. Juu, kati ya mawingu, kulikuwa na kidole. Kikubwa kuliko mlima, kinashuka kuelekea paa la mfalme. Kinashuka, kinashuka. Kilipokaribia kugusa makuti ya paa, kikasimama. Na sauti ikasikika, si ya ukali, sauti tu ya mtu aliyefika mlangoni kwa watu.

"Hodi?"

Mfalme yuko wapi? Yuko chini ya kitanda! Bi Mize akamfuata, akainama.

"Mtukufu, itikia. Nyumba ni yako."

"Niitikie nini?"

"Mtu akipiga hodi hujui la kuitikia?"

"Hodi?" mara ya pili. Mfalme kajaza shuka mdomoni.

"Hodi?" mara ya tatu. Kimya.

Na nyinyi mnajua. Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka. Kile kidole kikapanda polepole, kikapita mawinguni, kikatoweka. Hakikuvunja hata kuti moja. Jua likarudi uani.

Mfalme akatoka chini ya kitanda, vumbi kichwani. Alikaa sakafuni akijipangusa. Mwishowe akasema, "Angeweza kutusaga, Bi Mize."

"Angeweza."

"Ameuliza mara tatu, akaenda zake."

"Ana malezi mazuri, Mtukufu."

Mfalme akaenda kwenye chungu. Akaona nyumba aliyoibomoa, na watu wadogo wamebeba vijiti, wameshaanza kuijenga upya. Akaona haya, akajifunika uso kwa kiganja. Kisha akainama, akasema kwa sauti ndogo kabisa, sauti ambayo Mbwikani haikuwahi kuisikia kwake.

"Hodi?"

Kimya.

"Hodi?"

Kimya. Machozi yakamlengalenga.

"Hodi?"

Kisauti kikajibu kutoka chini. Alikuwa yule mpiga ngoma. "Karibu. Lakini kidole kibaki nje."

Mfalme akacheka. Alicheka bila kuamriwa na mtu, na watu uani wakacheka naye, na hakuna askari aliyekagua. Akauliza, "Bwana mdogo, nililiambia jua lisizame. Kwa nini umepiga ngoma?"

"Kwani lilikuwa halijazama?"

Mfalme akageuka kwa askari wake. "Mfungulieni Faki."

Faki akatoka akifumba macho kwa mwanga. Bi Mize hakusubiri heshima za mbele ya mfalme, akamkumbatia, ule udongo wa mikononi ukabaki mgongoni kwa mumewe.

Mfalme akamwuliza, "Niambie basi, Bi Mize. Mwanadamu anaweza kutengeneza ulimwengu?"

"Mimi nimetengeneza chungu, nikangoja. Kitunguu wamekaanga wenyewe."

"Kwa hiyo ni ndiyo au siyo?"

"Ni ndiyo, Mtukufu, kama unaweza kukaa kando na ufagio wako. Ila usitegemee wakutii."

Jioni ile jua lilishuka Mbwikani. Mfalme hakulinyooshea kidole. Faki akachukua ngoma yake: ti, ti, ti. Chunguni wakasikia, wakaitikia: ti, ti, ti. Na mfalme akatoka katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, akainua kichwa.

"Karibu!" akaita. "Samahani, nilichelewa kuitikia! Karibu!"

Kimya. Mawingu tu. Watu wakangoja shingo zikauma. Mmoja mmoja wakaanza kurudi kwa mbuzi wao na vyungu vyao vya mchuzi. Mfalme akabaki, na Bi Mize akabaki, na Faki na ngoma yake.

Ndipo sauti ikaja kutoka juu, mbali sana.

"Asante! Leo siingii, nilikuwa napita tu kuwajulia hali. Hamjambo huko?"

Na Mbwikani nzima, walioko uwanjani na walioko majikoni, wakajibu kwa pamoja, haya, jibuni na nyinyi:

— Hatujambo!

Nani huyo kanyoosha mkono? Unasemaje, Juha? Unauliza huyo wa juu, juu yake kuna nani? Mwulize mwenyewe siku akipita, mimi nimefikia hapo.

Chungu!
— Kiko uani!
Kifuniko!
— Hakuna!
Ndani?
— Wanapika!
Juu?
— Wanapita!
Hadithi nimeikuta wazi, naiacha wazi. Hodi nyumba ya pili?
— Karibu!