Mgawa Maji Hageuki

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yako hajaota jino, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Juu ya kijiji palikuwa na bwawa. Kutoka bwawani ulishuka mfereji, chwa, chwa, chwa, ukapita mashamba ya juu, ukapita ya katikati, ukaenda kuishia kwa watu wa bondeni. Bwawa lilizibwa kwa gogo gumu lililoitwa kizibo. Gogo likitoka, maji yanakwenda. Gogo likirudi, maji yanalala.

Aliyeshika kizibo alikuwa Bibi Nakijwa. Huyo ndiye ninayetaka mmkumbuke leo. Kikongwe mfupi, mkavu, sauti yake ndogo hata ilibidi watu wanyamaze ndipo wamsikie. Na walinyamaza.

Lakini zamu za maji zilipangwa na mgawa maji. Basi mgawa maji akafa. Wakajitokeza wawili kukitaka kiti chake, na wote wawili wametoka tumbo moja. Mkubwa Senkoro, mdogo Mbelwa.

Senkoro hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa hodari wa jembe, na mfereji aliujua kila kona. Ila tangu utoto alikuwa na donge moja kifuani. Mama yao akimbeba Mbelwa, Senkoro anauliza, na mimi je? Mbelwa akisifiwa, na mimi je? Akakua nalo, akaoa nalo. Hata vyura wa bwawani aliwasikia wakiimba hivyo hivyo: namije, namije, namije!

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji hicho. Siku ya kuchagua, wanaotaka kiti husimama kuutazama mlima, wamewapa watu mgongo. Watu huja wakajipanga, kila mmoja nyuma ya amtakaye. Bibi Nakijwa akipiga makofi, ndipo unageuka. Ukigeuka kabla, umewakataa waliokufuata, nao wanahamia kwa mwenzako. Kwa nini? Kwa sababu mgawa maji hatakiwi kutazama shamba ni la nani. Asiyeweza kukaa bila kujua nani yuko nyuma yake, atawapa hao maji yote.

Kabla ya siku hiyo kila mmoja alipewa siku yake ya kusema mbele ya watu, pale penye ukingo wa bwawa. Mbelwa akaanza. Alisema vizuri, watu wa juu wakamshangilia, naye utamu ukamkolea. Akataka kuwachekesha.

"Watu wa bondeni nitawapa maji ya usiku," akasema. "Mchana si wamelala!"

Kha, kha, kha! Wa juu wakacheka. Wa bondeni wakanyamaza kimya. Kwa maana watu wa bondeni walilala mchana kwa sababu maji yaliwafikia usiku. Wenzao wakikoroma, wao walikuwa matopeni na majembe, wanayangoja.

Senkoro alirudi nyumbani anapiga mluzi. "Amejimaliza," akamwambia mkewe, Namkunda. "Ulimi wake umemzika. Pika kuku."

Lakini kuku hajaiva, habari zikaja. Mbelwa ameshuka bondeni. Ameshuka peke yake, jembe begani, akasimama mbele yao akasema, "Nimesema nisichokijua. Nimekosa. Nisameheni." Basi. Hakusema alikuwa anatania. Hakusema wamemwelewa vibaya. Kisha akakaa nao kuyangoja maji, na alipopanda kurudi asubuhi, tope lilikuwa limemfika kiunoni.

Je, kijiji chote kilimsifu? Thubutu! Wazee wa juu walitema mate. "Mgawa maji gani anayeomba radhi? Leo anawapigia magoti watu wa bondeni, kesho atampigia magoti nyani anayekula mahindi. Tunataka mtu mwenye shingo ngumu." Wengi waliosema hivyo wakaongeza, "Afadhali Senkoro."

Maneno hayo yalisemwa wazi, hata mlangoni pa Senkoro. Hakuyasikia. Yeye alisikia jambo moja tu: wanawake wa bondeni walikuwa wamemtungia mdogo wake wimbo.

Mbelwa kashuka, eee,
Tope kiunoni, eee!

Kuku akamshinda kumeza. "Kakosea yeye, kaimbiwa yeye!" akafoka. "Mimi miaka yote sijakosea. Nani kaniimbia?"

"Si ndiyo vizuri, mume wangu," akasema Namkunda.

"Hapana. Na mimi nataka kukosea."

Namkunda akaweka mwiko chini. "Unataka nini?"

"Nikosee kidogo, halafu niombe radhi. Lakini yangu itakuwa na ngoma."

"Makosa hayatafutwi, mume wangu. Yanakuja yenyewe, tena bila kuitwa."

Nani alimsikiliza? Wivu una masikio basi? Senkoro akafikiri nani wa kumkosea. Akamchagua Bibi Nakijwa. Ni mzee, hana makuu, atasamehe upesi. Senkoro atasema bibi amezeeka hata hasikii vizuri. Maneno mepesi. Watu watanuna, naye atalia, watamsamehe.

Siku yake ya kusema ikafika. Akasema habari za mfereji, akasema za zamu. Kisha akamnyooshea kidole Bibi Nakijwa aliyekaa penye kizibo. "Na bibi yetu huyu amezeeka. Bwawa likipasuka hata hatasikia!"

Kha, kha, kha! Watu wakacheka. Lo! Kumbe kicheko ni kitamu hivi? Hapo ndipo alipotakiwa kukaa. Lakini aliwaza, Mbelwa alichekewa zaidi. Akaongeza la pili, ambalo hakulipanga.

"Kwani hata mwanawe alipozama humu, alisikia?"

Kicheko kikakatika. Chura mmoja akalia, namije, akanyamaza naye. Bibi Nakijwa alikuwa na binti mmoja tu maishani, na bwawa lilimchukua angali mdogo. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo mbele yake. Bibi aliinuka, akapapasa fimbo yake, akaenda nyumbani.

Senkoro alijua amevuka mpaka. Lakini donge likamnong'oneza, kosa kubwa, radhi kubwa, wimbo mrefu. Mnaona wivu ulivyo? Hata aibu inayeyuka ndani yake.

Akaenda na ngoma. Tindi! Tindi! Tindi! Kajipaka majivu kichwani, anavuta kondoo dume mnene, na nusu ya kijiji nyuma yake. Njia nzima alilia, na kila alipofika penye watu wengi alilia zaidi.

Bibi Nakijwa alikuwa mlangoni anapukuchua kunde. Akatazama ngoma. Akatazama kondoo.

"Kondoo mrudisheni, ana watoto wa kuwapa maziwa," akasema.

"Ni dume, bibi!" watu wakasema.

"Basi na aliyemleta ni dume. Wote wawili wanapiga kelele bure. Ngoma zinyamaze. Senkoro, ingia ndani. Wengine bakini hapo."

Wakaingia. Senkoro akapiga magoti, akapaza sauti. "Ewe bibi yetu mtukufu! Mimi mjukuu wako..."

"Mbona unazungumza na mlango?" akauliza Bibi.

Ni kweli. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, walipokuwa watu. Akageuza uso, akamtazama kikongwe. Maneno yote aliyoyapanga yakamponyoka. Ndani mle hamkuwa na wa kumwimbia. Jasho likachuruzika na majivu.

"Bibi," akasema mwisho, kwa sauti ndogo, "namwonea wivu mdogo wangu. Unaniunguza. Nimeamka nao, nimelala nao, tangu mama yetu yu hai."

Bibi Nakijwa akaendelea na kunde zake. Pu, pu, zikaanguka kwenye ungo.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini, bibi?"

"Mwanangu alipozama. Miaka yote watu wanadhani sikusikia. Nilisikia, nikakimbia, nikachelewa. Ndiyo maana niliomba kushika kizibo. Nilale pale pale."

Senkoro akainama mpaka kipaji cha uso kikagusa sakafu. Safari hii alilia bila sauti. "Nisamehe, bibi. Nimekuumiza kwa ajili ya wimbo."

"Nimekusamehe. Lakini ukitoka, usiwaambie tuliyosema humu. Na siku ile usigeuke."

Akatoka. Watu wakamzonga, "Bibi kasemaje? Kasemaje?" Hakujibu. Akapita katikati yao, akaenda kwake. Wakatazamana. Huyu ndiye Senkoro?

Siku ya kuchagua ikafika. Ndugu wawili wakasimama wameutazama mlima, bega kwa bega. Watu wakaanza kujipanga. Tsha, tsha, tsha! Upande wa Mbelwa walifika watu wa bondeni, na wimbo juu.

Mbelwa kashuka, eee!

Tsha, tsha, tsha! Senkoro akatega sikio upande wake. Kimya. Hasikii unyayo, hasikii pumzi. Akakaza shingo. Akakumbuka kunde kwenye ungo, akakaza tena. Kimya. Na kule wimbo unazidi, makofi, vigelegele, na Mbelwa ametulia tuli kama mtu anayeota jua.

Vyura wakaanza. Namije, namije, namije!

Wote wamekwenda kwake, akawaza Senkoro. Hata mke wangu. Hata bibi. Wote, wote! Na mimi je?

Akageuka.

Nyuma yake hasa, karibu hata angeweza kumgusa, alisimama Bibi Nakijwa, miguu mitupu, fimbo kwapani. Nyuma ya Bibi alikuwa Namkunda. Nyuma ya Namkunda walikuwa wazee wa juu, na watu wa katikati, mstari umeshuka ukingoni, ukapita maghala, ukapotea kwenye migomba. Walikuja kimya kwa sababu aliyewaongoza alikuwa kikongwe, na nyuma ya kikongwe watu hawapigi kelele. Mstari wa Mbelwa wenye wimbo haukufika nusu yake.

Bibi Nakijwa alikuwa ameinua mikono yote miwili. Alikuwa anataka kupiga makofi.

Akaishusha.

"Lo, mjukuu wangu," akasema. "Ilibaki pumzi moja."

Akachukua fimbo yake, akaenda upande wa pili. Namkunda akamfuata, anafuta macho. Wakafuata wote. Tsha, tsha, tsha! Safari hii Senkoro alisikia kila unyayo, mpaka wa mwisho. Kisha makofi yakalia, pa!

Mbelwa akawa mgawa maji. Aligawa bila kutazama shamba ni la nani, hata zamu ya kaka yake haikupungua hata kata moja. Na Senkoro? Alirudi kwa Bibi Nakijwa bila ngoma, bila kondoo. Akamsaidia kushika kizibo mpaka siku kikongwe alipozikwa. Wimbo hakuimbiwa.

Ndiyo maana watu wa mlima ule wakimwona mtu anachungulia chungu cha jirani, humwambia, "Usigeuke, Bibi yuko nyuma yako." Anayehesabu wa mwenzake huwapoteza wake.

Na wewe uliyekuwa unaangalia muhogo wa dada yako umebaki mkubwa kiasi gani, wako paka ameshaula. Hadithi yangu nayo imeishia hapo.