Mshenga wa Mwanamvua

Hadithi inakuja.
— Ije, tumekaa.
Ina uongo ndani yake.
— Uje, tumeuzoea.
Ina kilio pia.
— Nacho kije, tuko wengi.

Basi sikilizeni. Mimi nikisema "limebaki jambo moja tu", nyinyi mjibu "halafu harusi". Tukubaliane mapema, maana leo sina subira na mtu.

Palikuwa na Ngiri. Ana nguvu, ana meno yaliyotoka nje, ana tumbo lisilojua kushiba. Mwaka wa jua kali alipita kwa Nungunungu, akachukua viazi vikuu. Akapita kwa Digidigi, akachukua viazi vikuu. Ukimuuliza anakuonyesha meno. Akavijaza shimoni kwake mpaka juu, upande huu vyake, upande ule vya mama yake mzee, ambaye hakuwa tena na miguu ya kwenda kutafuta. Mvua haikuwa na dalili. Viazi vile ndivyo vilikuwa uhai wao, msisahau hilo.

Asubuhi moja akaja Nguchiro, kanyama kadogo kanakokaa vichuguuni, chwi chwi chwi.

"Shikamoo, kaka Ngiri."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu, nimetumwa. Ng'ambo ya bonde kuna binti anaitwa Mwanamvua. Baba yake ana kisima hakikauki na shamba la viazi halina mwisho. Katika wanaume wote, amekuchagua wewe."

Ngiri akasahau hata kiu. "Nipeleke nikamwone."

"Kaka, tangu lini bwana harusi akaenda kujiposea? Watasema hukulelewa. Mshenga ni mimi. Na binti ni mwari, yuko ndani, haonekani. Ila sauti yake utaisikia."

Akampeleka kwenye kichuguu. "Tundu hili linapita chini kwa chini hadi kwao. Weka sikio." Kisha yeye akazunguka nyuma, akaingia kwa tundu la pili. Mara ikatoka sauti nyembamba: "Ngiri wangu, nakungoja. Usimwambie mtu, wana wivu."

Ngiri hakuondoa sikio tunduni mpaka jua likamchoma mgongo.

Siku ya kwanza Nguchiro akasema, barua ya posa haiendi mikono mitupu. Ngiri akaingia shimoni, kwatu kwatu, akatoka na tenga la viazi. Nguchiro akaliburuta, bururu bururu.

Siku ya pili akasema, wamefurahi sana. Limebaki jambo moja tu.
— Halafu harusi.
Kilemba cha baba. Kwatu kwatu, bururu bururu.

Siku ya tatu akasema, baba karidhika. Limebaki jambo moja tu.
— Halafu harusi.
Mkaja wa mama. Kwatu kwatu, bururu bururu.

Siku ya nne akaja mbio. "Kaka, amekuja mchumba mwingine na matenga kumi. Lete kifungua mlango kabla ya adhuhuri, ukifikiri sana umemkosa."

Mama akasema kutoka ndani, "Mwanangu, hata mimi niliolewa. Kilemba kilitoka, mkaja ulitoka, hayo ni ya kweli. Lakini mshenga wetu alikuja na shangazi wawili. Wakakaa, wakala, tukawaona. Huyu wako, nani amewaona waliomtuma?"

"Mama, unataka nizeeke peke yangu?"

Kifungua mlango kikatoka, na upande wa Ngiri ukabaki mtupu.

Siku ya tano hakuja mtu. Ngiri akaenda kichuguuni, akaita, "Mwanamvua. Mwanamvua." Wakatoka mchwa. Akakibomoa kile kichuguu kwa meno yake, na ndani akakuta maganda ya viazi vikuu.

"Nenda kawaambie wenzako," mama akasema. "Nenda leo, kabla Nguchiro hajafika kwao."

"Nikamwambie Digidigi? Mimi niliyemnyang'anya? Atanicheka mpaka achoke." Akayafukia maganda yote, akasawazisha na udongo juu.

Siku ya sita akaja mtu kajipaka majivu uso mzima. "Mimi ni Mrudishaji. Nimemkamata yule Nguchiro, nimemfunga. Viazi vyako vyote viko kwangu. Limebaki jambo moja tu."

Mbona hamjibu? Haya, nyamazeni. Ngiri naye angekataa kuitikia, tusingekuwa hapa.

"Malipo ya kamba niliyomfungia," mtu yule akasema. "Tenga zima."

Mama akasema, "Kama vyako viko kwake, si akate humohumo? Anataka vingine vya nini?"

Ngiri alisikia. Nataka mjue kwamba alisikia vizuri. Lakini aliyekwisha toa matenga manne hawezi kukubali kwamba yamekwenda bure, na inauma, acheni tu. Akaingia upande wa mama. Kwatu kwatu. Akatoa vyote, maana havikuzidi tenga moja, hata kile kiazi mama alichokuwa amekilalia kichwa. Bururu bururu, na majivu yakabaki njiani.

Mama hakumgombeza. Alikaa siku nane, ya tisa hakuamka.

Mazikoni walikuja Nungunungu na Digidigi, mbavu nje. Walipomaliza kufukia, Nungunungu akasogea karibu, akauliza polepole, "Kaka, kwani wewe umewahi kumsikia mtu anaitwa Mwanamvua?"

Digidigi akainamisha kichwa.

Nungunungu alitoa vile viazi vichache alivyoachiwa, wiki moja kabla ya Ngiri. Digidigi alitoa vyake siku tatu baada ya Ngiri. Kila mmoja alikuwa na maganda yake amefukia nyuma ya nyumba, na kila mmoja alikuwa akiogopa kuchekwa na wenzake wawili.

Ngiri akapiga magoti penye lile kaburi, akaomba radhi. Ndiyo maana mpaka leo mkimwona anakula, anakula kapiga magoti. Wengine husema ni kwa sababu shingo yake fupi. Waacheni waseme.

Nguchiro yupo, kanenepa, siku hizi ana vichuguu vitatu.

Na funzo? Mnalipenda sana funzo. Haya. Ukitapeliwa, fukia maganda na ukae kimya, ili jirani naye asikose zamu yake. Anayekukataza usimwambie mtu, huyo ndiye anayekupenda. Na mama yako akiuliza swali, mpe mgongo, ana siku nyingi za kukaa nawe.

Hadithi imefika mlangoni, itoke. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu niachieni mimi, nimekwisha ilipia.