Insha Zilizokaa Tumboni mwa Kiboko

Hadithi hii aliisimulia kwanza Mwalimu Nakijwa Mkwizu, Same, mwezi Juni mwaka 2021, mbele ya Kidato cha Kwanza. Aliianza hivi:

"Wanangu, niifungue?"

"Ifungue!"

"Ikiwawasha?"

"Tutajikuna!"

Palikuwa na shule ya wanyama kando ya mto. Wanafunzi waliandika insha kwenye majani ya mgomba ili wenzao wazisome. Mkusanyaji alikuwa kiranja wao, Kiboko. Kila Ijumaa alikusanya, akasoma, akatafuna. Nyam! Nyam! Akiulizwa, alijibu: "Ni upepo, jamani. Upepo wa huku hauna adabu."

Nguchiro aliandika jinsi bibi yake alivyovuka mto uliofurika, amemng'ata mwanawe shingoni. Bibi alimsimulia neno kwa neno, kisha akafa. Ijumaa jani likaenda. Jumatatu Nguchiro akaona wino kwenye meno ya Kiboko. Akajaribu kuikumbuka insha yake, akapata mwanzo tu. Akalia, akafuta pua, akafikiri. Kisha akatengeneza fomu ya mtandaoni.

"Shikamoo, kaka Kiboko."

"Marahaba, kadogo. Umeleta jani?"

"Majani yamekwisha, kaka. Siku hizi chakula huagizwa kwa fomu. Unaeleza jani tamu kuliko yote uliyowahi kula: lilikuwa la nani, liliandikwa nini. Ukieleza vizuri, unaletewa la namna hiyo hiyo."

Kiboko akaichukua simu ya Nguchiro, akabonyeza kwa ncha ya ulimi: "La Nguchiro. Tamu." Akatuma. Fomu ikagoma: *Jibu lako ni fupi mno.*

"Inataka nini hii?"

"Inataka yote, kaka. Utamu gani wa neno moja?"

Akaandika mto. Fomu ikagoma. Akaandika mto na mawe matatu. Fomu ikagoma. Mate yakimdondoka, do, do, do, akaandika mpaka mwisho: bibi alipofika ng'ambo alimtua mwanawe, akamwambia, "Umekuwa mzito. Kesho utatembea."

Akatuma. Fyuu! Jibu likaenda kwa wote, simu za darasa zima zikalia: ti! ti! ti!

Nguchiro akayasoma maneno ya bibi mara tatu. Ndiyo hayo aliyokuwa ameyasahau.

"Kumbe upepo wenyewe ni wewe!" Kobe akapiga kelele ukingoni.

Kiboko akazama kwa aibu, bluu! Baada ya muda yakatokea masikio, kisha pua.

"Kadogo, wenzetu wamesemaje?"

"Wengine wamelia, kaka. Swala anauliza kama umekula na ya kwake."

"Ya Swala? Ile yenye chumvi chumvi? Lete fomu."

Akaandika juma zima, insha arobaini na moja.

Hadithi yangu imekauka kisima. Mwenye kiu akachimbe chake. Na funzo, wanangu: ukitaka insha yako itunzwe vizuri, mpe mlafi aile.

Bibi hayupo. Nguchiro yu hai, na mama yake pia, yule aliyevushwa mto. Kiboko yu hai, na ndiye kiranja. Mwalimu Nakijwa yu hai, Same, ingawa hasimami tena darasani.