Hondohondo Aliyejizibia Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye usingizi?

Aamke!

Mwenye msiba?

Akae katikati yetu.

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya wanyama, nchi ya mabonde mengi, na kila bonde lilikuwa na chemchemi yake. Chemchemi zikaanza kukauka. Moja ikakauka, wanyama wakanyamaza. Nyingine ikakauka, wakanung'unika. Nyingine tena ikakauka, wakaitana.

Katika bonde la juu aliishi Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Alikuwa mjane. Zamani yeye na mumewe walifundisha watoto wa bonde lao: mti huu hushika maji, mti ule huyanywa, mbegu hii ipande hapa, ile iache. Kisha kiangazi kibaya kikaja. Mume akafa njiani, akirudi nyumbani, zambarau ingali mdomoni.

Tangu siku hiyo Hondohondo hakufundisha tena. Mbegu zote za marehemu alizitia ndani ya shimo la mti, mlemle walimolelea vifaranga wao. Kila alfajiri alimshukuru Mungu, akazitazama zile mbegu, akalia kidogo, akaenda zake.

Sasa sikieni desturi ya hondohondo. Mke akitaka kutaga, huingia shimoni, na mlango huzibwa kwa udongo. Huachwa ufa mdogo tu, wa kupitisha mdomo. Mume hubaki nje, huzunguka, hutafuta, huleta. Mchana, ko! ko! ko! Tunda hilo. Jioni, ko! ko! ko! Tunda hilo. Hivyo ndivyo wanavyoishi.

Basi siku ya mkutano ikafika. Wakaja wa bonde la juu, wakaja wa bonde la chini, wakaja wa mabonde ya mbali. Mwenyekiti alikuwa Ngiri. Ngiri akapiga magoti, maana yeye amezoea kupiga magoti hata akila, akaomba dua. Kisha akasema:

"Ndugu zangu, maji yanaisha kwa sababu watoto wetu hawajui. Wanachoma, wanang'oa, wanachezea. Tukifundisha bonde moja, la pili litaharibu. Tufundishe nchi nzima, kwa pamoja. Kila bonde lilete linachokijua."

"Mimi nitafundisha chemchemi," akasema Fisi Maji.

"Mimi mizizi," akasema Nungunungu.

"Na mbegu je?" akauliza Ngiri.

Hondohondo akakaa wima. Akasafisha koo. Aliona haya kujitaja mwenyewe, akangoja atajwe.

"Kindi!" Nyani akapaza sauti. "Kindi anajua mbegu!"

"Kindi! Kindi!" wakaitikia wote.

Wivu ukamkaa Hondohondo kooni kama mwiba wa samaki. Kumeza hawezi, kutema hawezi. Akaondoka. Njiani akasema kwa sauti, ili asikike: "Kindi! Anayefukia njugu na kusahau alikozifukia! Huyo ndiye mwalimu wa nchi?"

Nyani alikuwa nyuma yake. "Mama, yeye akisahau, angalau mti unaota."

Hondohondo akaruka. Alipiga mabawa, vuu! vuu! vuu! Akachota udongo. Akaingia shimoni mwake pamoja na mbegu zote za marehemu, akaziba mlango kutoka ndani. Tapu, tapu, tapu. Akaacha ufa, kama mama yake alivyomfundisha. "Wafundishe sasa," akasema. "Wafundishe kwa mikono mitupu."

Akasali. "Mungu wangu, wabariki wote waliokuja mkutanoni." Akawataja mmoja mmoja. Alipofika kwa Kindi, dua ikakwama. Akaanza upya. Ikakwama palepale.

Mchana ukafika. Njaa ikauma. Hondohondo akatoa ncha ya mdomo kwenye ufa, akangoja. Akasikiliza. Akangoja ko! ko! ko!

Kimya.

Hapo ndipo alipokumbuka. Ufa ameacha, lakini wa kuleta hayupo. Aliyekuwa akigonga yuko chini ya udongo. Hondohondo akaurudisha mdomo ndani, polepole, akauweka juu ya zile mbegu. Kuvunja ukuta angeweza. Lakini atoke, wamwone? Nyani amcheke? Akabaki.

Watoto wa mabonde yote wakawasili. Mawingu yakaanza kukusanyika. Mbegu hakuna; zote zilikuwa shimoni kwa Hondohondo.

"Mvua hii ikitupita, tutangoja mwaka mzima," akasema Fisi Maji. "Na chemchemi ya mwisho haifiki mwaka."

Wakaenda wote hadi kwenye mti wake. Nyani akacheka. "Tazameni! Mama kaipiga nyumba plasta na yeye mwenyewe yumo!"

"Tuuvunje mlango," akasema Ngiri.

"Hapana, baba," akasema Kindi. "Humo alilea watoto wake. Hatuvunji mlango wa mama."

Kindi akakwea na zambarau mdomoni. Akaishika, akagonga. Ko! ko! ko!

Moyo wa Hondohondo ukaruka. "Nani?"

"Mimi Kindi, shangazi. Shikamoo."

Hondohondo hakuitikia.

"Nimekuletea zambarau."

"Umefuata mbegu."

"Mbegu ni zako na za marehemu. Mimi kweli ninasahau ninakofukia. Kabla ya mkutano nilikutaja wewe. Wakasema, tusimsumbue, bado ana msiba. Nami nikanyamaza. Nilikosea, shangazi. Ilitupasa kuja kukuuliza."

Kisha mdomo ukatokeza, ukaipokea zambarau. Hondohondo akala. Ilikuwa tamu, na machozi yalikuwa yakimtoka. Ikabaki mbegu. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Marahaba," akasema.

Akapitisha ile mbegu kwenye ufa. "Shika. Ipande karibu na maji, isiende chini sana. Waambie hao watoto."

Kindi akawaambia. Watoto wakarudia kwa sauti. Ikatoka mbegu nyingine, na somo lake. Ikatoka nyingine, na somo lake. Ufa uliozoea kuingiza matunda sasa ulitoa mbegu. Fisi Maji akawaonyesha watoto mahali pa maji, Nungunungu akawachimbia. Mbegu ya mwisho ilipotoka, ukuta ukalia kutoka ndani. Ko! ko! ko! Puu! Hondohondo akatoka, vumbi kichwani, akasimama mbele yao. Nyani hakucheka. Mvua ikanyesha.

Msidhani wivu uliisha wote. Kindi aliposhangiliwa, ulimchoma Hondohondo tena kidogo. Lakini usiku huo alisali, akawataja mmoja mmoja, akafika kwa Kindi, na dua ikapita.

Watoto, na ninyi wakubwa, sikieni. Ujuzi ukizibwa kwa wivu, mwenye nao hukaa na njaa ndani, na wenzake hukaa na kiu nje. Na mwenye msiba msimwache pembeni mkidhani mnampumzisha. Nendeni mkamgongee, mkamuulize.

Hadithi yangu imetua hapo. Nimeipitisha kwenye ufa; kaipandeni.