Jina la Kitabu cha Sultani Mahadhi

Hapo zamani, katika mji wa Kitumbe, alitawala Sultani mmoja aliyeitwa Mahadhi, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia kila kitu isipokuwa mtu wa kumwambia basi. Akijenga, hujenga mpaka majirani wakakosa jua. Akihutubia, huhutubia mpaka pilau ikapoa. Ikawa siku moja likamwingia wazo la kutunga kitabu, na habari za kitabu hicho zilikuwa ni habari zake mwenyewe: jinsi alivyozaliwa, farasi aliowapanda, ndoto alizoota na namna zote zilivyokuwa njema. Alipokwisha kutunga, akampa mwandishi wa jumba, Mwalimu Dadi, akinakili kwa hati nzuri, na nakala zikagawiwa wakubwa wote wa baraza.

Wakubwa wakasifu. Waziri Nasibu alisema kitabu kile kimemnyima usingizi kwa utamu wake. Kadhi alisema kimemliza. Sultani akafurahi sana, wala hakumwuliza kadhi alilia alipofika wapi.

Lakini kitabu hakikuwa na jina, na kitabu bila jina ni kama bwana harusi bila kilemba. Sultani akataka apewe jina linalokistahili. Waziri akaleta Jua Lisilotua. Likampendeza Sultani mpaka adhuhuri, kisha akakumbuka kwamba jua watu hulikimbia wakaingia kivulini, akalikataa. Kadhi akaleta Bahari ya Hekima. Sultani akanena kwamba bahari ina chumvi na watu hufa ndani yake. Mkuu wa askari akaleta jina refu hata pumzi ikamwishia kabla hajafika mwisho. Wakaja na washairi wa mji, kila mmoja na jina lake, nao wakalipamba kama wanaomfunga mtoto kilemba: kichwa kidogo, kitambaa kikubwa.

Mwishowe akaulizwa Mwalimu Dadi. Yeye hakuwa mtu wa mapambo. Akasema kitabu kinahusu maisha ya Mahadhi, basi na kiitwe Maisha ya Mahadhi. Sultani akanena kwamba maneno kama hayo huandikwa juu ya kaburi, na bila shaka Dadi anamwombea mauti. Akaamuru atiwe gerezani.

Baada ya hapo Sultani akapiga mbiu ya mgambo. Alitaka jina lisilopata kuitwa kitabu chochote tangu dunia iumbwe. Jina litakalotoka katika kinywa cha kila mtu wa baraza, mkubwa kwa mdogo, pasipo kufundishwa. Na kila alitamkaye awe amesema kweli. Atakayelipata ataomba atakalo. Atakayejaribu akashindwa atamfuata Dadi gerezani. Watu waliposikia hayo, washairi wote wa Kitumbe wakaugua homa siku ile ile.

Sasa, mke wa Dadi, Mwana Kheri, alikuwa na kaka yake jina lake Pandu. Pandu hakuwa na shamba wala duka wala paa la kwake. Alilala barazani kwa watu, na chakula chake kilikuwa palipo na arusi au khitma, na pasipokuwa na hayo alipita majikoni mwa wakubwa akawachekesha wapishi, nao wakampa ukoko wa wali. Watu walimwita mpumbavu, naye hakupata kuwakanusha, kwa kuwa mpumbavu haombwi ushauri wala hadaiwi adabu.

Mwana Kheri akamwendea akilia. Akamweleza kwamba mumewe anakohoa, kwamba gereza lina unyevu, na kwamba amekwenda kwa waziri na kwa kadhi, wote wakamwambia asubiri.

"Kaka," akasema, "wewe watu wanakucheka kila siku. Leo nakuomba wakusikilize."

Pandu hakufanya mzaha. Alimpenda shemeji yake, ambaye ndiye pekee mjini aliyemkaribisha ndani badala ya kumpa chakula mlangoni. Tena alikuwa ameona mambo huko majikoni. Nakala ya kadhi ilikuwa chini ya mguu mfupi wa kitanda. Ya mkuu wa askari ilifunika mtungi wa maji. Na ya waziri, mpishi alikuwa akipepea nayo jiko. Basi akajifunga shuka yake vizuri, akaenda jumbani.

Akamsalimu Sultani kwa heshima, akaomba apewe kitabu kisicho na jina, na wino na kalamu. Akajitenga pembeni, akaandika kitu juu ya jalada, kisha akakifunika kwa kitambaa na kukiweka mbele ya kiti cha Sultani.

"Maulana," akanena, "jina nimekwisha kuliandika. Kabla hujalitazama, nakuomba uwaapishe watu wako wa baraza kwa Msahafu, kisha umwulize kila mmoja kama amekisoma kitabu chako tangu mwanzo hata mwisho."

Sultani akacheka, akasema hilo ni jambo jepesi. Lakini wakubwa hawakucheka. Ukaletwa Msahafu, na Waziri Nasibu akaitwa wa kwanza. Akaweka mkono, akautoa, akaurudisha. Kusema uongo mbele ya Sultani ilikuwa kazi yake ya kila siku. Kusema uongo juu ya Msahafu hakuthubutu.

"Sijakisoma," akasema, na sauti yake ilisikika kwa shida.

Akaja kadhi, akasema, "Sijakisoma." Akaja mkuu wa askari, akasema vile vile, na washauri, na matarishi, hata na mabawabu wa mlangoni. Uso wa Sultani ulikuwa umebadilika rangi, na mkono wake umekamata upanga.

Ndipo Pandu alipokivuta kitambaa. Juu ya jalada palikuwa na neno moja: Sijakisoma.

"Usiwakasirikie, maulana," akasema. "Hawa hawakukutukana. Wametaja tu jina la kitabu chako, pasipo kufundishwa, na kila mmoja amesema kweli."

Wakubwa wote wakaitikia kwa haraka kwamba ndivyo, walikuwa wakitaja jina. Lakini Waziri Nasibu alikuwa na uchungu wa kuumbuliwa, naye akakumbusha kwamba Dadi bado ni mtu wa baraza hata akiwa kifungoni, na hajaulizwa. Dadi akaletwa na pingu zake. Pandu alijua shemeji yake hajui kusema uongo hata wa kujiokoa.

"Nimekisoma, maulana," akasema Dadi. "Neno kwa neno."

Sultani akamgeukia Pandu, akamwambia jina lake limeshindwa.

"Limeshindwa kwa mtu mmoja," akajibu Pandu. "Ukimfukuza barazani na kumrudisha gerezani, jina litakuwa kweli tupu, na sultani mzima hatakuwa na msomaji. Ukimwacha huru, jina litakuwa na kosa, nawe utakuwa na msomaji mmoja. Mimi ni mpumbavu, maulana; chagua wewe."

Sultani akauachia upanga. Kisha akamwuliza Dadi, kwa sauti ambayo watu hawakuizoea, kama kuna mahali popote palipompendeza. Dadi akasema ni pale Sultani anaposimulia alivyopotea sokoni utotoni, akalia, na muuza mbaazi akamfuta kamasi kwa kanga yake. Hapo alipasoma mara mbili. Mengine aliyanakili.

Sultani akainamisha uso. Akasema pole pole kwamba ukurasa ule nusura aufute, kwa kuona haumfai mfalme.

Akaamuru Dadi afunguliwe pingu, na hilo ndilo Pandu alilokuwa akilitaka. Jina likabaki kama lilivyoandikwa. Kisha milango ya jumba ikafungwa, na waziri na kadhi na wenzao wakaamriwa kukaa chini wakisome kitabu kwa sauti mpaka kiishe, na chakula kisiletwe kabla ya hapo. Waziri akaanza na sura ya farasi.

Pandu alipokuwa akiaga, Sultani akamwita.

"Na wewe, Pandu, hukuapishwa. Je, umekisoma?"

Pandu akainama mpaka kilemba chake kikagusa zulia. "Maulana," akasema, "mimi ndiye niliyekipa jina. Nitalivunjaje?"

Sultani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wakubwa wakataka kucheka naye, lakini walikuwa wangali kwenye farasi wa tatu.