Siwa ya Kumfukuza Mpigaji Wake

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, neno la Sultani halikuwa neno mpaka siwa ilie. Siwa ilikuwa baragumu kubwa la pembe ya ndovu, na desturi ya mji ilikuwa hivi: Sultani akitawazwa, akioa, akimpa mtu cheo au akimvua, siwa hupigwa barazani mbele ya watu. Isipopigwa, jambo hilo halijawa. Na wa kuishika ni mtu mmoja tu, mpigaji aliyewekwa kazini. Mwingine akiigusa hata kwa kidole, hutolewa mjini.

Mpigaji wa siku hizo aliitwa Mshamu, maskini wa kutupwa, mwenye mke na watoto watano, na nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa lango la jumba, ambayo haikuwa yake bali ya kazi. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa alifanya alivyoambiwa, hazidishi wala hapunguzi. Siku moja Sultani alimwamuru apige siwa mpaka yeye atakaporudi kutoka msikitini. Sultani akatoka msikitini akapitia kwa wakwe zake, akala, akajinyoosha, usingizi ukampitia, na mji mzima haukusikilizana mpaka alasiri. Midomo ya Mshamu ikavimba kama maandazi. Mkewe, Mwana Esha, akamkanda kwa maji ya chumvi huku akimwambia kwamba hata punda hujua kusimama. Mshamu akajibu kwamba punda hakupewa amri.

Basi ikawa Sultani ameoa mke mdogo, na huyo mke alikuwa na kaka yake, Ghalibu, kijana wa kilemba kizuri na kazi hana. Ghalibu akaitamani ile nyumba ya langoni, maana ilikuwa na kivuli, tena karibu na jiko la jumba. Dada mtu akasema na mumewe, na mumewe, kwa kutaka kula chakula chake kwa amani, akamwita Mshamu faraghani, akamwambia kazi imekwisha.

Mshamu akauliza kosa lake ni lipi.

"Kosa huna," akasema Sultani. "Nimependa tu."

"Nimesikia, bwana wangu. Lakini siku uliyotawazwa uliapa kwamba hutamwondoa mtumishi wa mji ila kwa kosa lililotajwa mbele yake, naye apewe nafasi ya kujibu. Kiapo kile nilikipigia siwa mimi."

Sultani akakunja uso, maana siku ya kutawazwa viapo huwa vingi, na mtu huapa huku akinusa pilau. Akasema, "Vyema. Ijumaa utakuja barazani uipige siwa ya kufukuzwa kwako mwenyewe. Usipoipiga, utalala gerezani."

Mshamu akarudi nyumbani akamsimulia mkewe. Mwana Esha hakulia. Alisema akilia yeye, vyungu atavifunga nani, na watoto watano hawalali juu ya machozi. Akaanza kufunga vyungu kwa kamba. Mshamu akamtazama, akafikiri, kisha akamwomba ambakizie kipande kimoja cha kamba.

Ijumaa baada ya sala watu wakajaa barazani, Kadhi akakaa kuume kwa Sultani, na Ghalibu akasimama nyuma amekwisha kuvaa kanzu ya upigaji.

"Mshamu," akasema Sultani, "nimekuondoa. Piga."

Mshamu akaiinua siwa, kisha akailaza juu ya mkeka, akarudi nyuma.

"Nini tena?"

"Bwana wangu, kama nimeondolewa, mimi si mpigaji, na asiye mpigaji akiigusa hutolewa mjini. Nimeogopa."

"Hujaondolewa mpaka upige!"

Mshamu akairudia siwa, akaipakata kama mtoto. "Ahsante, bwana wangu. Kama sijaondolewa, basi ningali mtumishi, na kiapo kingali kinanifunika. Kosa halijatajwa."

Watu wakaanza kuziba midomo kwa ncha za vilemba. Kadhi akakohoa, akasema kwa upole kwamba hata yeye alikuwa akilingoja hilo kosa. Ghalibu akainama sikioni mwa shemeji yake akanong'ona, na Sultani, aliyekwisha kupandwa na joto, akalidaka neno lile bila kulitafuna.

"Kosa lako ni hili: hujui kupiga. Tangu siku ya kwanza hujapata kuipiga siwa ipasavyo, hata mara moja."

Mshamu akainama mpaka chini. Akasema amelipokea kosa wala hajitetei, ila ana swali moja kwa Kadhi: siwa isiyopigwa ipasavyo, imepigwa au haikupigwa?

"Kwa desturi yetu," akasema Kadhi, "haikupigwa."

"Basi, bwana wangu, mimi ndiye niliyekupigia ulipotawazwa. Ndiye niliyekupigia juzi ulipooa. Kama sikupiga, wewe hukutawazwa, bibi yule ni mwana wa watu, na huyu Ghalibu si shemeji wa mtu. Sote hatuna kazi. Mimi vyungu vyangu vimekwisha kufungwa." Akatoa kipande cha kamba kibindoni, akakinyoosha kwa mikono miwili. "Wewe mizigo yako ni mingi, nimekuja kukusaidia kufunga."

Sultani akaitazama kamba, akakitazama kiti alichokalia, akamgeukia Ghalibu ndani ya kanzu iliyomzidi mikono. Kicheko kikamtoka, kikamtikisa mpaka kilemba kikamlalia sikioni.

"Mshamu," akasema akijifuta macho, "wajua kupiga. Wallahi wajua."

Akamwamuru Ghalibu avue kanzu ya watu. Kisha akasimama, akakirudia kile kiapo neno kwa neno, safari hii kwa ajili ya kila mtumishi, tangu Kadhi hadi mfagiaji wa soko, akasema na sasa kipigiwe siwa kisisahaulike.

"Nipige mpaka lini, bwana wangu?"

"Mpaka nikae," akasema Sultani, na siwa ilipolia mara moja tu akakaa upesi.

Mshamu akarudi nyumbani na kitambaa cha hariri alichotunukiwa, akasimulia yote. Mwana Esha akakipapasa kile kitambaa, akakiweka kando, akaanza kufungua vyungu kimoja kimoja. Jua lilikuwa limepita utosini, watoto walikuwa hawajala, na kicheko cha Sultani hakipikiki.