Mwalimu na Hesabu ya Mabano

Biblia ziacheni magotini kwanza, mnisikilize. Leo nawapeleka darasani, na ninyi mliokimbia hesabu utotoni msianze kutafuta mlango, ni swali moja tu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, darasa la saba. Miaka ishirini na sita anasimama mbele ya ubao ule ule. Alikuwa na daftari lake la zamani, kurasa zimekuwa rangi ya chai, maswali yote na majibu yote aliyaandika humo tangu ujana wake. Anachukua kwenye daftari, anaweka ubaoni, anauliza, "Tumeelewana?" Watoto wanaitikia kwa wimbo, "Ndiyooo, mwalimu!" Wameelewa? Thubutu! Sisi wote tuliuimba wimbo huo.

Alikuwa na desturi yake. Mtoto akikosa swali anasimamishwa mbele, na wenzake wanampigia kelele mara tatu, "Rudi chekechea!" Yeye aliona ni utani wa kuchangamsha darasa.

Basi siku moja, mtihani wa kumaliza shule umebaki wiki mbili, akaandika swali. Kumi, toa, fungua mabano, namba tusiyoijua toa moja, funga mabano, jibu ni saba. Namba tusiyoijua ni ngapi? Akafungua mabano kama daftari lake linavyofungua, akashuka mstari kwa mstari, akapata mbili. Akaipigia mstari chini.

Binti mmoja akanyoosha mkono. Mpole, wa dawati la nyuma. "Samahani mwalimu, mimi nimepata nne."

"Umekosea. Kaa."

"Lakini mwalimu, nne nikiirudisha pale inakubali. Nne toa moja ni tatu, na kumi toa tatu ni…"

"Ehe! Kumbe leo tuna mwalimu mpya!" Darasa likaangua kicheko. "Njoo mbele, mwalimu mpya."

Binti akaja. Watoto arobaini na wawili wakapaza sauti, "Rudi chekechea! Rudi chekechea! Rudi chekechea!" Hakulia. Alirudi dawatini, akainama, hakuinua tena kichwa mpaka kengele ikalia.

Mchana mwalimu yuko ofisini, anasahihisha madaftari. Mbili, vema. Mbili, vema. Mbili, vema. Akafika kwenye daftari la yule binti: nne. Bado aliandika nne! Mwalimu akapandwa na hasira. Akasema ngoja nimwonyeshe pembeni hapa kwa kalamu nyekundu ujinga wake uko wapi. Akachukua mbili yake, akairudisha kwenye swali. Mbili toa moja, ni moja. Kumi toa moja…

Wapendwa, kumi toa moja ni ngapi?

Tisa! Na swali linasema saba.

Mwalimu akarudia. Tisa. Akajaribu nne ya yule mtoto: saba, safi kabisa. Ndipo akakumbuka jambo alilofundishwa akiwa chuoni, kwamba alama ya kutoa ikikaa nje ya mabano, ukiyafungua inaigeuza alama iliyoko ndani, toa inakuwa jumlisha. Alikuwa amesahau kuigeuza siku alipoandika daftari lake, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kurudisha jibu hata siku moja ili alione kama linakubali. Aliangalia mlangoni kama kuna anayemwona. Aliona aibu, jamani, aibu ya mtu mzima, ile inayokufanya utamani kujificha hata meza yako mwenyewe isikuone.

Sasa nawauliza, alitakiwa afanye nini? Mnajua alichotakiwa kufanya. Lakini mwalimu mzima, ndevu zina mvi, asimame mbele ya watoto aseme nimekosea? Si watamwambia yeye ndiye arudi chekechea?

Akapata njia yake. Alikwenda dukani akanunua mkebe mpya wa hesabu, wenye rula na bikari, mzuri hasa. Kesho yake, watoto wakiwa wametawanyika mapumzikoni, akamwita yule binti nyuma ya stoo ya shule, mahali pasipopita mtu.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilitetemeka kweli, hakuwa anaigiza, "jana ulikuwa sahihi. Ni mimi niliyekosea. Nisamehe. Chukua hii."

Binti akapiga goti, akaupokea mkebe kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu. Nimekusamehe."

Mwalimu akashusha pumzi. Yamekwisha! Akageuka aondoke.

"Mwalimu," binti akamwita. "Na wenzangu je? Kwenye mtihani waandike ngapi?"

Mwalimu akasema, "Hilo niachie mimi," akaenda zake. Na hilo alibaki nalo. Wiki mbili zikapita, watoto arobaini na wawili wakaingia mtihanini, swali la mabano likaja, nao wakayafungua kama mwalimu wao alivyowafundisha.

Mnaniangalia. Mnasema mwalimu gani yule! Subirini. Sisi tunafanya nini? Tunamvunjia mtu heshima barazani, tunamwomba radhi chumbani. Tunamchafua mbele za watu, tunamsafisha kwa simu. Kisha tunalala usingizi, tunasema nimeshaongea naye, alinisamehe. Ndiyo, alikusamehe. Na wale wote waliokusikia ukimsema? Kwao bado jibu ni mbili!

Sasa sikilizeni, maana nimeomba tangu Ijumaa nipate nguvu ya kusema hili.

Mwezi uliopita nilisimama hapa nikasema kuna mtu ameacha kwaya kwa kiburi, anajiona ameshapanda juu. Sikutaja jina. Nani hapa hakujua namsema nani? Niliwaona mkigeuka kumtazama. Baadaye nikaambiwa kwamba mama yule alikuwa anamuuguza mkwewe, anamgeuza kitandani usiku na mchana, na hakumwambia mtu. Nilisikia aibu. Jumatano nikaenda kwake na kilo mbili za sukari, tukakaa jikoni, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Yameisha, mchungaji." Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Lakini nawaona bado hamkai naye benchi moja. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, na kwa kipaza sauti hiki hiki.

Mama Atupele, usisimame, mama yangu, kaa tu. Mimi ndiye niliyesimama. Nilikukosea hapa, mbele ya watu wote hawa. Nilichosema juu yako hakikuwa kweli. Nanyi wote mliokipokea kutoka kwangu, nawaomba mkifute.